Fundi anayesuka umeme kwa ajili ya pumzi za mkewe

Saa nne asubuhi, jua limeshapanda juu ya mabati ya karakana, na fundi amepiga magoti sakafuni mbele ya kalibu ya plaiwudi. Anachomeka ncha ya bisibisi ukingoni, anagonga kwa kiganja, anahamia upande wa pili, anagonga tena. Hana haraka. Kalibu hii aliifunga jana saa nane mchana, na leo anataka kujua kilichomo.

Mfuniko unaachia kwa mlio mkavu. Ndani kuna sahani nene yenye rangi ya asali iliyochafuka, pana kama sinia la chai, yenye tundu katikati. Ukiitazama vizuri unaziona koili tisa za waya wa shaba zilizozama humo, zimepangwa duara, kila moja ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Anaibeba hadi mlangoni penye mwanga. Anapitisha ukucha juu ya kila koili, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba mguuni. Kwenye koili ya saba ukucha unasimama.

“Hapa,” anasema. “Hapa pana hewa.”

Kiputo chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mtama. Mtu asiyejua angesema ni doa tu. Fundi anakitazama kwa muda, kisha anaiweka sahani mezani na kwenda kunawa mikono, ingawa mikono yake haina uchafu.

Hii ni sahani ya kumi na moja. Kumi zilizotangulia zimeegemezwa ukutani, nyingine zimepasuka kama ardhi ya kiangazi, nyingine mpaka leo zinanata ukizigusa. Moja imeungua ikawa nyeusi. Wenzake wa karakana za jirani humwita Profesa wa Gundi. Lilianza kama utani, lakini sasa hata wateja wapya humuulizia kwa jina hilo, naye huitika bila kinyongo.

Ana miaka hamsini na saba, na kazi yake halisi si gundi. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa fundi wa kusuka mota. Mota ya pampu au ya mashine ya kusaga ikiungua, yeye huifungua, hutoa waya uliokufa, huhesabu mizunguko yake, kisha husuka waya mpya, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ile mota inaamka.

Ni kazi iliyomlea, ikamsomeshea watoto wawili ambao sasa wana maisha yao mbali na humpigia simu mwisho wa wiki. Miaka kumi iliyopita alikuwa akisuka mota nane kwa wiki. Mwezi uliopita alisuka mbili. Anasema zilimpatia kodi ya karakana na chakula cha siku tisa.

“Zamani mtu akileta mota imeungua alikuwa anakaa hapo kwenye benchi, anangoja kama anangoja habari za mgonjwa,” anaeleza. “Siku hizi ananiuliza, mzee, kwani mpya bei gani? Nikimwambia anashukuru, anaondoka. Ananiachia maiti.”

Hizo maiti anazifaidi. Waya wote uliomo ndani ya sahani zake ameutoa kwenye mota zilizotelekezwa, akauchagua palipokuwa pazima, akaunyoosha kwa mkono. Sumaku ishirini na nne alizipata kwa mfanyakazi wa lifti aliyekuwa akibomoa mashine chakavu. Resini, ile gundi nzito inayogandishwa kwa dawa, ndiyo anayoinunua, na ndiyo inayommaliza.

Lakini tuanze na mtu ambaye haya yote yanafanywa kwa ajili yake.

Mkewe ana miaka hamsini na mitatu. Walikutana miaka ishirini na minane iliyopita, alipokuja karakanani na mota ya cherehani ndani ya kikapu cha sokoni. Fundi aliisuka akampa. Baada ya wiki mama yule akarudi, akadai mota ina kelele. Fundi akaiwasha, wakasikiliza pamoja, ikawa kimya kama mnafiki. Mama akasema basi labda masikio yake ndiyo mabovu, akavuta kigoda akakaa. Mwaka uliofuata walioana. Mpaka leo hamwiti mumewe kwa jina lake. Humwita fundi.

Cherehani ilikuwa ya jioni. Mchana alikuwa kiwandani, chumba cha kusokota nyuzi za pamba, na huko alikaa miaka kumi na tisa. Vumbi la pamba lilikuwa likielea humo kama ukungu. Wanawake wa zamu yake walikuwa wakitoka na nyusi nyeupe, wakichekana kwamba wamezeeka kabla ya kuzaa. Hakuna aliyefunga kitambaa puani. Kiwanda kilipofungwa alikuwa tayari hawezi kupanda ngazi bila kupumzika katikati.

Miaka miwili na nusu iliyopita daktari alimwambia mapafu yake hayatapona. Yanaweza tu kusaidiwa. Hospitali ikamwazima mashine ya kuchuja hewa, kubwa kiasi cha pipa dogo la maji, yenye mrija mwembamba unaoingia puani. Alitakiwa kuitumia saa kumi na tano kwa siku. Mashine ile haina betri. Inakula umeme, na umeme wa mtaa wao ni wa kubahatisha.

Fundi anakumbuka mchana mmoja wa mwaka juzi. Umeme ulikatika saa sita na dakika kumi. Mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza. Kwa saa nzima mkewe alikaa kimya akivuta pumzi kwa mabega. Saa ya pili midomo ikaanza kubadilika rangi. Teksi waliyoipigia ilikuwa imekwama mjini, na jirani mwenye gari alikuwa safarini.

“Nikachukua kipande cha boksi nikaanza kumpepea,” anasema fundi. “Hebu fikiria. Mtu anataka hewa, mimi nampa upepo.”

Umeme ulirudi saa kumi na moja jioni. Mkewe alipata nafuu, akaomba chai. Fundi alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, akatazama mfereji.

Mfereji huo unapita hatua ishirini kutoka ukuta wa jikoni. Ni mfereji wa saruji, wa zamani, unaopeleka maji kwenye mashamba ya chini ya mji. Maji yake si mengi lakini yana kasi, na tangu wahamie pale hawajayaona yakikatika hata siku moja.

Wengi humuuliza kwa nini hakununua jenereta kama watu wengine. Alinunua, ya mtumba, ya petroli. Moshi wake ulikuwa ukirudi dirishani mwa chumba cha mgonjwa, kila upande alipoiweka. Aliiuza baada ya miezi miwili. Kuhusu umeme wa jua, alipiga hesabu ya paneli na betri za kuendesha mashine ile, akaona ni sawa na kazi yake ya miaka mitatu bila kula.

Ndipo alipoanza kutazama kwenye simu video za watu wanaojitengenezea jenereta nyumbani. Ni watu wa mbali, wengi wao wastaafu, wanaofanya hivyo kwa kujifurahisha tu. Wanachukua diski mbili za chuma, wanazipanga sumaku, na katikati yake wanaweka sahani ya koili isiyozunguka. Diski zikizungushwa na maji au upepo, umeme unazaliwa ndani ya koili.

“Wao wanacheza,” anasema. “Ikipasuka wanacheka, wanasema tutaonana wiki ijayo. Mimi nilikuwa naangalia nikiwa na daftari.”

Kusuka koili hakukumpa shida. Shida ilikuwa resini. Katika jenereta ya aina hiyo koili hazina chuma cha kuzishika. Resini pekee ndiyo inayozibeba, na nafasi kati ya sahani na sumaku haizidi unene wa sarafu. Sahani ikivimba, ikipinda au ikiwa na hewa ndani, kazi imekwisha.

Ukizidisha dawa ya kugandisha, resini hupata joto kama uji na kupasuka. Ukiipunguza, haikauki wala haigandi. Alijifunza kuchanganya poda ya watoto ili kupunguza joto, kupaka kalibu nta ili sahani isigande na mbao, kupima dawa kwa bomba la sindano. Lakini kila alipoziba tundu hili, lile likafunguka.

Sahani nne za kwanza alizimimina nyumbani, katika chumba cha nyuma. Karakanani kulikuwa na vumbi, na vumbi ni adui wa resini. Alifunga dirisha na mlango kwa sababu hiyohiyo.

Mkewe alikaa naye. Yeye ndiye aliyesuka koili za mwanzo, akiwa na mrija puani, kwa sababu vidole vyake vilivyozoea nyuzi vilikuwa vyepesi kuliko vya mumewe. Alikuwa akihesabu mizunguko kwa sauti ya chini, na fundi akikoroga resini upande wa pili wa meza. Harufu yake ni kali, ya kukata, inapanda hadi nyuma ya macho. Fundi ameishi na vanishi na waya ulioungua tangu ujana, pua yake imekufa zamani.

Wiki ya tano kikohozi cha mama kilibadilika. Alisema ni hali ya hewa. Wiki ya sita alishindwa kumaliza sentensi, na wakakimbilia hospitali.

Daktari alimuuliza fundi kama nyumbani kwao kuna mtu anayepaka rangi au kutumia dawa zenye harufu kali. Fundi akajibu hapana.

“Sikudanganya,” anasema sasa, akitazama mikono yake. “Sikuunganisha. Kwangu mimi ile ilikuwa dawa yake. Yeye ndiye aliyeuvuta mrija pembeni akasema, daktari, ni gundi.”

Alilazwa siku kumi na moja. Sehemu ya pumzi aliyoingia nayo hospitali hakutoka nayo.

Tangu hapo, miezi saba sasa, mama anaishi kwa dada yake, upande wa pili wa mji, ghorofa ya tatu. Jengo hilo linatumia laini moja na hospitali, kwa hiyo umeme wake ni nadra kukatika. Fundi mwenyewe ndiye aliyeibeba mashine begani akapanda nayo ngazi. Aliiweka karibu na dirisha, akaijaribu, akaaga.

Chumba cha nyuma amekisugua kwa sabuni mara sita na madirisha yamekuwa wazi tangu siku ile. Kazi ya resini ameihamishia karakanani, vumbi au si vumbi. Daktari amekwisha kusema kwamba mgonjwa anaweza kurudi nyumbani. Fundi ndiye anayekataa. Anasema hamrudishi mkewe kwenye nyumba ambayo umeme ukikatika atampepea kwa boksi.

Humtembelea kila Jumapili. Kabla ya kwenda huoga mara mbili, na koti lake huliacha nje, kwenye kitasa cha mlango wa ngazi. Hukaa saa moja, hukaa mbali, karibu na mlango, halafu huondoka.

Mwandishi wa makala haya alipofika pale ghorofani, mama alikuwa ameketi kitandani, mto nyuma ya mgongo, akimrekebishia dada yake upindo wa gauni. Ni mwanamke mwembamba mwenye macho ya utani. Huongea maneno matatu, hupumzika, huongea mengine matatu. Mashine inaguna kando yake bila kukoma.

Alipoulizwa kwa nini hakusema mapema kwamba harufu inamuumiza, alishona mishono kadhaa kabla ya kujibu.

“Alikuwa anapiga mluzi,” alisema. “Tangu niugue alikuwa hajapiga mluzi. Nikasema, ngoja nivumilie, amalize.”

Hamlaumu. Alilisema hilo mara mbili, na mara ya pili alimshika mwandishi mkono ili asikie vizuri. Anachokilalamikia ni kingine. Dada yake amekwisha kumwambia fundi ahamie pale, alale sebuleni, shemeji si mgeni. Yeye mwenyewe amemwomba. Jibu analopata ni habari za sumaku.

“Mimi niliolewa na mtu,” alisema. “Sikuolewa na umeme.”

Daktari hamfichi kitu. Hakumpa miaka. Mama amefanya hesabu yake mwenyewe, na aliisema bila uchungu, kama anayesoma vipimo vya nguo: saa moja kila Jumapili, saa nne kwa mwezi. Wameoana miaka ishirini na saba, na sasa wanapata saa nne kwa mwezi.

“Anaona haya,” aliongeza. “Anadhani kila nikimtazama nahesabu kikohozi.”

Alipotoka kumsindikiza mwandishi mlangoni, dada yake alisema kwa sauti ya chini kwamba wiki hizi mgonjwa amepungua. Haongezi saa za mashine tena, kwa sababu hakuna za kuongeza. Hivi sasa haivui kabisa.

Karakanani, si kwamba watu hawajasema. Mchomeleaji wa jirani, rafiki wa fundi wa miaka mingi, ndiye aliyemtengenezea gurudumu la maji kwa vipande vya pipa, bila kumtoza kitu. Siku moja walipokuwa wanakunywa chai alimuuliza, kwa nia njema, umeme huu anamtengenezea nani ikiwa mwenyewe hayupo.

“Akaniangalia nikajuta,” anasema mchomeleaji. “Kaka yangu yule si mjinga. Anajua kuliko sisi. Ila ukimnyang'anya ile kazi, utampa nini?”

Sahani ya kumi na moja, ile yenye kiputo, ilipaswa kutupwa. Fundi anakiri. Lakini resini iliyobaki ni nusu kopo, na tarehe iliyoandikwa chini ya kopo inaisha mwezi huu. Kwa hiyo alitoboa kile kiputo kwa keekee nyembamba, akadondosha resini mbichi, akaiacha juani siku tatu.

Alhamisi saa tano asubuhi aliijaribu.

Yeye na mchomeleaji walibeba mtambo mzima kwa machela ya mbao hadi kando ya mfereji. Walifunga fremu kwa bolti nne, wakavuta mkanda kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye puli ndogo, wakaunganisha betri mbili na kifaa cha kugeuza umeme wake kuwa wa nyumbani. Badala ya mashine ya mkewe fundi aliweka balbu saba, zile za zamani zenye joto, ambazo kwa pamoja zinakula umeme sawa na mashine ile. Kisha akalegeza kamba, gurudumu likashuka majini.

Lilisita kidogo, halafu likashika. Mkanda ukalia. Diski za sumaku zikaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi hata sumaku zikapotea machoni zikawa duara moja la kijivu. Mshale wa mita ukapanda. Balbu ya kwanza ikawa nyekundu, ikawa njano, ikawaka. Kisha zote.

Mchomeleaji alipiga makofi mara moja, akaacha alipoona mwenzake hapigi. Fundi alikuwa amechuchumaa, saa yake ya mkononi ameivua ameiweka juu ya jiwe. Kila baada ya dakika tano aligusa ukingo wa sahani kwa nyuma ya kidole. Mwandishi alimuuliza vipi. Alijibu: vuguvugu.

Dakika ya ishirini, vuguvugu. Dakika ya thelathini na tano, moto kidogo. Wapita njia wawili walisimama kutazama balbu zinazowaka mchana kweupe, wakaenda zao. Dakika ya arobaini fundi alianza kuongea, maneno mengi kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Alisema betri zikijazwa hivi kutwa nzima, umeme kukatika kwa saa sita mfululizo si kitu tena. Alionyesha mahali waya utakapopita, kwenye pembe ya ukuta, juu ya mlango wa jikoni, mpaka chumbani. Alisema kitanda atakihamisha upande wenye dirisha.

Dakika ya arobaini na nane alinyamaza katikati ya neno, akainua pua.

Sisi hatukusikia harufu yoyote. Yeye, aliyesema pua yake imekufa, alisikia. Aliikimbilia kamba, lakini kabla hajaifikia ukatoka mkwaruzo, kama kijiko kwenye sufuria kavu, ukafuatiwa na moshi mwembamba wa buluu. Resini ilikuwa imelainika kwa joto, sahani ikavimba, sumaku zikaanza kuila. Balbu zilififia pamoja, zote saba.

Alilipandisha gurudumu. Walipofungua diski, koili ya saba ilikuwa nyeusi tii, na ufa ulikuwa umepita kutoka hapo hadi katikati.

Fundi hakutukana, hakurusha kitu. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji, miguu ndani ya maji, viatu na vyote. Mchomeleaji alikusanya bolti, akaziweka kwenye kopo, akasema anakwenda kuangalia karakana, na akaenda.

Tulikaa pale muda mrefu. Mwandishi alimuuliza kama atamimina ya kumi na mbili. Alisema resini ipo, waya upo. Kisha akasema hajui.

“Siku zinakwenda, najua,” alisema. “Watu wanadhani sioni. Lakini mimi kukaa na mgonjwa sijui, mwanangu. Nikikaa pale mikono yangu haina la kufanya. Namsikia anavuta, nakaa nasubiri avute tena. Hapa angalau nikishindwa, nimeshindwa nikiwa nafanya.”

Simu yake ililia mfukoni. Alikuwa mkewe, ambaye humpigia kila mchana kuuliza kama amekula. Fundi alijibu kwamba amekula. Hakuwa amekula. Aliulizwa jingine, akasema bado anaijaribu, inaendelea vizuri. Kisha akamwambia asiongee sana, apumzike, akakata.

Baada ya hapo aliuliza gazeti linatoka lini. Alipoambiwa Jumamosi, alitikisa kichwa. Alisema shemeji yake hununua gazeti kila Jumamosi na kumsomea mkewe kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo. Akaomba isiandikwe kwamba sahani imeungua. Iandikwe tu kwamba kazi inaendelea.

Tulibeba fremu, tukairudisha hadi nyuma ya nyumba, tukaifunika kwa turubai. Fundi aliingia ndani, akatoka na glasi mbili za maji, akampa mwandishi moja. Yake hakuinywa. Aliishika tu, akatazama chumba cha nyuma chenye madirisha wazi na kitanda kisicho na shuka.

“Andika ilivyoungua,” alisema mwishowe. “Mimi kwa mdomo nimeshindwa miezi saba. Akisomewa na dada yake atajua, na mimi sitalazimika kuliona jicho lake.”

Alifikiri kidogo, akaongeza kwamba hata hilo ni woga, na liandikwe pia.

Kisha akaeleza mpango wake, kwa kifupi, kama anavyomweleza mteja kazi itakavyofanyika. Jumapili hatakwenda kwa saa moja. Atakwenda na begi. Shemeji akimkubalia atalala sebuleni, na kama sebule imejaa atatandika kando ya mashine. Asubuhi atakuwa anakuja karakanani kwa mota, ikiwa zipo, na saa saba atakuwa amerudi. Nusu kopo ya resini atampa mchomeleaji aitumie anavyojua. Alisema hivyo kwa haraka, halafu akarudia, kana kwamba anajipima kama ameweza.

Hakusema kwamba mkewe atapona, wala mwandishi hakumuuliza. Fundi alipofika barabarani kuagana naye, alikuwa bado ameshika glasi ya maji.

“Sijui tutaongea nini siku nzima,” alisema. “Yeye atajua.”